Kijasumu Kikifa, Sumu Yake Huenda Wapi?

Huku Kadutu, ambako nyumba za Bukavu zimepandana mlimani na habari ya msiba hushuka haraka kuliko maji ya mvua, kuna maneno ninayoyasikia karibu kila mtoto anapofariki kwa homa ya uti wa mgongo: «Shindano njo ilimumaliza», yaani sindano ndiyo iliyommaliza. Mtoto, husema wafiwa, aliingia kituoni akiwa bado anaitika jina lake, akachomwa sindano ya kwanza jioni, kabla ya usiku wa manane akaanza degedege, na alfajiri hakuwepo. Muuguzi akisikia maneno hayo hukasirika, na daktari hujifanya hakusikia. Mimi niliyeuza dawa kwa miaka mingi nyuma ya dirisha la farmasi nimejifunza kutocheka wala kukasirika, kwa sababu ndani ya maneno hayo mna chembe ya ukweli ambayo watafiti wameihangaikia tangu miaka ya 1980, ingawa chembe hiyo imefungiwa ndani ya hitimisho ambalo, likifuatwa, litaongeza misiba badala ya kuipunguza.

Kiswahili Sanifu kimewaita bakteria vijasumu, na dawa ya kuwaua kikaiita kiuavijasumu. Wengi wetu Kongo husema tu antibiotiki, kama tulivyorithi kutoka Kifaransa, lakini neno hilo refu linastahili kuangaliwa upya, maana limebeba swali lote la makala hii. Linasema kwamba kidudu kina sumu na kwamba dawa hukiua. Halisemi sumu inabaki wapi baada ya kifo hicho, wala halisemi kwamba kuna namna zaidi ya moja ya kuua.

Tuanze na dawa ambayo kila mtu hapa anaijua. Seftriaksoni, ile chupa ndogo yenye unga mweupe ambao muuguzi huuchanganya na maji na kuutikisa mbele ya taa, ni ya ukoo mmoja na penisilini. Dawa za ukoo huu hazimgusi kijasumu ndani, humharibia ukuta. Bakteria huishi akiwa na shinikizo kubwa la ndani, na kinachomzuia kupasuka ni ukuta uliosukwa kama kikapu, ambao kila anapokua hana budi kuukata kidogo na kuusuka upya. Seftriaksoni huwashika wasukaji, yaani vimeng'enya vinavyofunga nyuzi za ukuta, huku wakataji wakiendelea na kazi yao kama kawaida. Kwa hiyo ukuta unakatwa bila kusukwa, na kijasumu hupasuka. Ni kifo cha haraka na cha uhakika, na ndiyo sababu dawa hizi zimeokoa watu wengi mno. Lakini kinachopasuka humwaga kilichokuwa ndani.

Katika pneumokoki, ambaye ni mmoja wa wasababishaji wakuu na wakali wa ugonjwa huu, kinachomwagika kina jina: pneumolisini. Hii ni sumu inayotoboa matundu katika utando wa seli zenye kolesteroli, yaani seli zetu sote. Jambo la kushangaza ni kwamba tofauti na sumu nyingi za bakteria, pneumolisini haina alama ya kuipeleka nje. Hukaa ndani ya kijasumu kama petroli ndani ya dumu, ikisubiri dumu lipasuke. Pamoja nayo hutoka vipande vya ukuta, asidi ya lipoteikoiki na nyuzi za DNA, na kila kimoja kati ya hivi mwili wa binadamu umezaliwa ukijua kukitambua kuwa ni dalili ya adui.

Na hapo ndipo balaa linapokamilika, kwa kuwa madhara mengi ya homa ya uti wa mgongo hufanywa na jeshi la mwili wenyewe. Majimaji yanayouzunguka ubongo hayana walinzi wengi mwanzoni. Vijasumu huzaliana humo hadi mamilioni katika mililita moja. Vipande vyao vikizagaa ghafla, seli za ulinzi hutoa kemikali za kuita msaada, chembe nyeupe humiminika, mlango kati ya damu na ubongo hulegea, maji hupenya, na ubongo huvimba. Mguu ukivimba ngozi hutanuka, lakini fuvu ni mfupa. Shinikizo hupanda, damu hushindwa kupita vizuri, na mgonjwa aliyekuwa akilalamika kichwa huanza kupoteza fahamu. Anayepona naye aweza kubaki na deni. Nimewahi kumwona mama mmoja, wiki chache baada ya mwanawe kutoka hospitalini, akigonga mfuniko wa sufuria nyuma ya kichwa cha mtoto huyo, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu, na mtoto akiendelea kuchezea kifuniko cha chupa bila kugeuka. Seli za kusikia zilizo ndani kabisa ya sikio ni miongoni mwa zile ambazo pneumolisini huziharibu.

Basi wanaosema sindano ilimmaliza mtoto wameona kitu. Hata si wa kwanza kukiona: mwaka 1895 nchini Austria, daktari Adolf Jarisch aliandika jinsi vipele vya kaswende vilivyowaka zaidi saa chache baada ya mgonjwa kupewa zebaki, dawa ya wakati huo, na mwaka 1902 Karl Herxheimer akaeleza jambo lile lile, hadi leo hali hiyo ikabeba majina yao mawili. Kwa upande wa ubongo, mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Marekani walipima majimaji ya watoto wenye Haemophilus influenzae aina ya b, kijasumu kingine cha ugonjwa huu, kabla na baada ya seftriaksoni, wakakuta kwamba endotoksini, yaani sumu iliyo katika ganda la nje la vijasumu vya kundi hilo, ilikuwa imepanda baada ya dawa.

Tatizo ni kwamba wafiwa wameona nusu ya picha. Kijasumu kisichopewa dawa hakikai kimya na sumu yake. Pneumokoki ana kimeng'enya chake mwenyewe cha kujipasua, na akizeeka hujipasua bila msaada wa mtu. Meningokoki, msababishaji mwingine wa ugonjwa huu, ndiye mbaya zaidi: akiwa hai na mzima hubandua vijipuli vya ganda lake vilivyojaa endotoksini na kuvimwaga katika damu saa baada ya saa. Watafiti wa Norway, wakiongozwa na Petter Brandtzaeg, walipopima damu ya wagonjwa wa meningokoki, walikuta kwamba baada ya dawa kuanza kiasi cha endotoksini kilishuka, na kilishuka haraka. Mmiminiko uliofuata sindano kwa watoto wa Haemophilus haukuonekana hapo. Chanzo cha sumu kilikuwa ni vijasumu vilivyo hai, na kuvifunga vinywa ndiko kulikoiondoa. Kwa hiyo anayeahirisha sindano kwa kuogopa mmiminiko wa saa ya kwanza anakubali mmiminiko wa usiku kucha, tena kutoka kwa vijasumu vinavyozidi kuongezeka.

Swali zuri zaidi, ambalo wenye maabara walijiuliza, ni hili: je, hatuwezi kumwua kijasumu bila kumpasua? Zipo dawa zinazofanya hivyo. Rifampisini huingia ndani na kuzuia mashine inayonakili maagizo ya DNA. Kijasumu hufa na ukuta wake ukiwa mzima, kama nyumba ambayo wenyeji wamekufa lakini milango imefungwa. Klindamisini huzuia utengenezaji wa protini, na hivyo huzuia pia sumu mpya isitengenezwe. Daptomisini huharibu umeme wa utando bila kuubomoa. Roland Nau na wenzake, huko Göttingen nchini Ujerumani, waliwaambukiza sungura pneumokoki na kulinganisha: waliopewa rifampisini walikuwa na asidi ya lipoteikoiki kidogo zaidi katika majimaji ya ubongo kuliko waliopewa seftriaksoni, na mwaka 1999 wakaonyesha kwamba panya waliotibiwa kwa rifampisini walikufa wachache zaidi katika saa za mwanzo. Baadaye wakajaribu kuitanguliza rifampisini kwa muda mfupi tu kabla ya seftriaksoni, na seli chache zaidi za ubongo zikafa. Ni kazi nzuri, na naisoma kwa heshima.

Hata hivyo, nikiwa mtu wa Kivu, mkono wangu unasita. Rifampisini ndiyo nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, na Kongo ni kati ya nchi zenye mzigo mkubwa kabisa wa ugonjwa huo duniani. Badiliko moja tu katika jeni la bakteria laweza kuifanya dawa hii isifanye kazi, na ikitumiwa peke yake usugu huja upesi sana. Ukiifungua kabati hiyo kwa kila mtoto mwenye homa na shingo ngumu, katika mji ambao mtu anaweza kununua vidonge kwa idadi anayotaka bila karatasi ya daktari, utakuwa umekopa kutoka kwa wagonjwa wa mapafu ili kuwalipa wagonjwa wa ubongo. Daptomisini nayo haiwagusi kabisa bakteria wa kundi la meningokoki na Haemophilus, kwa hiyo haiwezi kuwa sindano ya kwanza pale ambapo hatujui bado ni kijasumu gani. Bei yake siitaji. Klindamisini haipenyi vizuri kwenye majimaji ya ubongo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Aprili 2025 bado unaanza na seftriaksoni au ndugu yake sefotaksimu, na sioni sababu ya mtu wa Bukavu kujifanya mjuzi zaidi.

Kuna ushahidi mwingine ambao hutajwa mara chache katika mjadala huu, na kwangu una uzito kwa sababu umetoka kwa binadamu wa bara letu. Kwa miaka mingi milipuko ya meningokoki katika ukanda wa Sahel ilitibiwa kwa kloramfenikoli ya mafuta, sindano moja ya msulini, dawa ambayo huzuia protini na haigusi ukuta. Mwaka 2003 nchini Niger, katikati ya mlipuko, wagonjwa 510 waligawanywa: wengine wakapata kloramfenikoli hiyo, wengine seftriaksoni, dozi moja moja. Baada ya saa 72, waliokosa kupata nafuu walikuwa asilimia 9 kila upande. Jaribio hilo halikuundwa kupima sumu, na meningokoki si pneumokoki. Lakini kama namna ya kufa kwa kijasumu ingekuwa ndiyo inayoamua hatima ya mgonjwa, ningetarajia tofauti fulani ionekane hapo. Haikuonekana.

Lipo jambo moja la uchaguzi wa dawa ambalo huku kwetu ni zito kuliko jina la dawa, nalo ni kipimo chake. Katika maabara, vijasumu vya kundi la Escherichia coli, ambao huwapata watoto wachanga, wakikutana na baadhi ya dawa za ukoo wa penisilini kwa kiasi kidogo, hawapasuki mara moja. Hushindwa kugawanyika lakini huendelea kurefuka kama uzi, wakijiongezea ganda na endotoksini, na wakipasuka hatimaye humwaga zaidi ya vile ambavyo wangemwaga wangeuawa mapema kwa dozi kamili. Mtu mzima mwenye homa ya uti wa mgongo anahitaji gramu 2 za seftriaksoni kila saa 12, yaani gramu 4 kwa siku, ambazo ni chupa nne za gramu moja. Sasa mwone baba anayekuja dirishani na karatasi iliyokunjwa mara nne, anaisoma bei, anahesabu noti alizozikunja ndani ya kitambaa, halafu anasema kwa sauti ya chini: «Munipe mbili kwanza.» Chupa mbili hizo zitagawanywa asubuhi na jioni. Nimeziuza chupa hizo, na siwezi kusema nilikuwa na dhamiri safi kila mara. Kama kuna mahali ambapo matibabu yanaweza kweli kumwongezea mgonjwa sumu, mimi ningeanza kupatafuta hapo, kwenye nusu dozi, kabla ya kuituhumu sindano.

Upo pia uwezekano wa kuuacha ukuta upasuke na badala yake kulituliza jeshi la mwili. Hiyo ndiyo kazi ya deksamethasoni, kichupa cha bei ndogo ambacho karibu kila kituo kinacho. Mwaka 2002, Jan de Gans na Diederik van de Beek walichapisha jaribio la watu wazima 301 katika nchi tano za Ulaya: miligramu 10 kila saa 6 kwa siku 4, dozi ya kwanza ikitolewa dakika 15 hadi 20 kabla ya kiuavijasumu au pamoja nacho. Vifo vilikuwa asilimia 7 kwa waliopewa, na asilimia 15 kwa wasiopewa. Kwa wagonjwa wa pneumokoki peke yao, asilimia 14 dhidi ya 34. Utaratibu wa dakika una maana yake: seli za ulinzi zikishaanza kutoa kemikali zao, deksamethasoni huwa imechelewa, kwa hiyo lazima ifike kabla vijasumu havijapasuka. Hapa sayansi ya sumu na utaratibu wa wodi vimekutana mahali pamoja.

Lakini nchini Malawi, mjini Blantyre, mambo hayakwenda hivyo. Watoto 602 walijaribiwa, matokeo yakatoka mwaka huo huo 2002: vifo asilimia 31 kila upande. Watu wazima 465, matokeo ya 2007: zaidi ya nusu walifariki, walio na dawa na wasio nayo. Takriban tisa kati ya kumi ya watu wazima hao waliishi na virusi vya UKIMWI, na wengi wa wagonjwa walifika wakiwa wamechelewa. Nchi yetu ina maambukizi ya virusi hivyo kidogo sana kuliko Malawi, kwa hiyo simwelewi anayebeba matokeo ya Blantyre mzimamzima na kuyaweka Bukavu, kama nisivyomwelewa anayebeba ya Ulaya. Tunachoweza kuchukua kwa usalama kutoka kote kuwili ni kwamba anayefika mapema ana kitu cha kulindwa. Kwa aliyekaa siku tatu nyumbani, jeshi lake la mwili limeshapigana vita vyote kabla ya sindano yoyote.

Hilo la kuchelewa tumeliona nchini mwetu kwa uchungu. Mwaka 2021 huko Banalia, mkoani Tshopo, mlipuko wa meningokoki wa kundi W ulipotangazwa mwezi Septemba, wagonjwa walioshukiwa walikuwa 261 na waliokwisha kufa 129. Karibu nusu. Wagonjwa waliotibiwa kwa mpango mzuri wa dawa hizi hizi zinazopasua vijasumu hawafi kwa kiwango hicho. Banalia ilikuwa mbali na ilitambuliwa kwa kuchelewa, na msaada ulipofika ulikuja na seftriaksoni na chanjo. Wala hakuna aliyesikika akidai iletwe dawa ya upole zaidi.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba swali la watafiti wa Göttingen ni la kweli na liendelee kuulizwa na wenye uwezo wa kuliuliza vizuri, hasa kwa pneumokoki, lakini jibu lake halitabadilisha chupa iliyoko mkononi mwa muuguzi wa Kadutu mwaka huu wala mwaka ujao. Kinachoweza kubadilika ni mpangilio: deksamethasoni ivutwe kwenye bomba kwanza, seftriaksoni ifuate papo hapo kwa dozi kamili, na kuchomwa mgongo ili kupima majimaji kusiwe kisingizio cha kungoja hadi asubuhi, kwa kuwa majimaji yanaweza kutolewa hata baada ya sindano na bado yakasema mengi. Kweli, meningokoki huweza kutoweka katika majimaji hayo ndani ya saa mbili tu, ila chembe nyeupe, sukari na protini hazitoweki kwa kasi hiyo.

Na familia ielezwe. Siamini kwamba mama wa Bagira, mtaa mwingine wa Bukavu, hawezi kuelewa kwamba dawa inapasua vidudu, kwamba vikipasuka homa au degedege vinaweza kuzidi kwa muda, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo mtoto wake amepewa dawa ya pili ya kutuliza. Anayepika ugali kila siku anajua kwamba kilichofunikwa kikichemka hufurika kabla ya kutulia. Aliyeambiwa hivyo kabla ya sindano hatasema baadaye kwamba sindano ilimmaliza mtoto, au akisema, atakuwa anauliza swali ambalo mtu anaweza kulijibu.

Niliwahi kuonyeshwa daftari la wagonjwa la kituo kimoja cha mjini, ambacho sitakitaja. Jina la mtoto lilikuwepo, umri, uzito, seftriaksoni na kipimo chake kwa mwandiko mzuri, na mstari wa chini yake deksamethasoni. Safu ya saa ilikuwa tupu kwa dawa zote mbili. Nilimwuliza mwenye zamu ni ipi ilitangulia. Akaliinamia daftari kwa muda, akapitisha kidole kwenye mistari, kisha akasema kwamba kwa kawaida wanaandika kwa kufuata karatasi ya daktari, na kwamba usiku ule bomba safi lilikuwa limebaki moja.